Watalii wamejaa, cherehani zimelala



Kila mwaka tunasomewa hesabu ya watalii. Mwaka 2024 walioingia Zanzibar walizidi 700,000, nasi tukasema alhamdulillah. Mimi naomba tusomewe na hesabu ya pili: mashuka wanayolalia yameshonwa wapi?

Mimi ni fundi. Niliwahi kupeleka sampuli za foronya, mapazia na sare kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Kazi ikasifiwa, kisha nikaambiwa mzigo wao unakuja kwa kontena kutoka nje. Nikarudi na mfuko wangu kwenye daladala. Siku ile nilifahamu kuwa mgeni anaweza kulala Paje wiki nzima, na pesa yake isipite hata kwenye tundu la sindano ya Mzanzibari.

Utalii haujengi kisiwa kwa sababu tu ndege zimetua. Unajenga pale hoteli inaponunua samaki kwa mvuvi wetu, mboga kwa mkulima wetu, sabuni ya mwani kwa wanawake wa Jambiani, na shuka kwa fundi wa hapa. Bila ya hayo tunabakia na bei ya samaki iliyopanda.

Wako watakaosema utalii una haramu ndani yake, mwanamke mwenye stara akae mbali. Pombe ni haramu. Kushona pazia si haramu. Bi Khadija (r.a.) alifanya biashara na stara yake haikupungua. Tukiikimbia halali iliyomo, tunawaachia wengine riziki yetu.

Lakini tusiisute hoteli peke yake. Bi harusi wetu naye anaagiza gauni Dubai, linafika limembana, halafu naletewa mimi nilitanue usiku wa kuamkia harusi. Ikiwa sisi wenyewe hatuiamini mikono yetu, meneja mgeni ataiamini vipi?

Serikali imtake kila mwekezaji aoneshe anachonunua hapa, na ifuatilie. Nasi mafundi tujiunge vikundi, maana oda ya mashuka 400 haimalizwi na cherehani moja. Na tushike ahadi: ile "njoo kesho" yetu imetuvunjia heshima.

Na wewe unayeolewa Mfunguo Mosi, kabla hujaagiza ng'ambo, pita kwanza kwa fundi wa mtaani kwako.