Ugonjwa Uliomuua Staa wa Dangal Unapenda Jua, na Sisi Tuko Ikweta

Unamkumbuka Suhani Bhatnagar, yule dogo aliyecheza Babita kwa Dangal, movie ya Aamir Khan ya 2016? Aliaga Februari 2024 huko Delhi, miaka 19 tu. Familia yake ilisema ilianza na mkono kufura, na ugonjwa ukajulikana siku chache kabla ya kifo: dermatomayositisi.

Hii kitu ni kinga ya mwili kugeuka msaliti. Badala ya kupigana na viini, inashambulia misuli na ngozi yako. Watoto pia wanaupata, hata wa miaka saba. Ni nadra, Marekani wanakadiria watoto 2 hadi 4 kwa kila milioni moja kwa mwaka. Lakini nadra haimaanishi haupo mtaani kwenu.

Sasa jua linaingia wapi? Si eti jua peke yake linaleta ugonjwa, kwa hivyo usimfungie mtoi wako ndani. Ila kwa aliye nao tayari, miale ya UV inaamsha vipele vya ngozi, na wakati mwingine misuli inazidiwa tena. Na Nairobi, maze, iko karibu na ikweta na juu zaidi ya mita 1,600, kwa hivyo mchana UV hufika 11 na kupita. Shirika la Afya Duniani linaita hiyo kali kupindukia. Ukiskia baridi ya Julai usidanganyike, miale inapita kwa mawingu.

Najua utaniambia sisi tuko na melanin. Iko, na inasaidia, lakini haitoshi kwa huyu mtoto. Tena ngozi nyeusi inaficha dalili: picha nyingi za vitabuni ni za wazungu wenye alama za pinki, wetu zinaonekana za zambarau au nyeusi kwa kope na juu ya vifundo vya vidole. Mathe anadhani ni eczema.

Halafu kuna shule. Mtoi anashindwa kupanda ngazi, kuinua mkono achane nywele, kuinuka kwa sakafu. Mwalimu anamwita mvivu, anamsimamisha paredi saa nne bila kofia juu kofia si uniform. Hapo ndio mimi huchoka kabisa.

Ukiona huo udhaifu na hizo alama pamoja, mwambie daktari apime damu kuangalia vimeng'enya vya misuli. Dawa ziko, steroidi na methotrexate, na watoi wengi hurudi kucheza. Na uombe barua ya kofia na mikono mirefu, umpelekee mwalimu mkuu Jumatatu.