Seva Inayokatika na Kurudi

Chombo kilichokufa kabisa si kigumu kukitibu, kwa kuwa kimelala palepale kikingoja kupimwa. Taabu ni kile kiuguacho na kupona chenyewe kabla fundi hajafika. Ndivyo ilivyo kwa seva, yaani kompyuta kuu itunzayo majalada ya ofisi nzima. Saa nne inapatikana, saa nne na robo haipatikani, saa nne na nusu imerudi. Wakati huo mjane aliyepanda basi alfajiri kufuata mafao ya marehemu mumewe anaambiwa, “Mama, mtandao umekatika, njoo kesho.” Kwake yeye kesho ni nauli nyingine.

Desturi iliyoenea ni kuizima seva na kuiwasha tena. Desturi hiyo huficha ugonjwa, kwani seva ingeweza kurudi yenyewe bila kuguswa. Afadhali kushika daftari na kuandika saa ya kila mkatiko, muda uliodumu, na kompyuta zilizopatwa. Ikiwa ni za chumba kimoja tu, tazama waya na swichi ya chumba hicho. Ikiwa ni zote, sogea karibu na seva.

Kisha itumie programu ndogo iitwayo ping, ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, naye akisumbuliwa na mtandao uliomshinda kuuelewa. Programu hiyo hupeleka ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Iendeshe mara mbili kwa pamoja, moja ikiuliza seva, nyingine ikiuliza ruta. Zote zikinyamaza, kasoro i njiani karibu nawe; seva ikinyamaza peke yake, umekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Waya wa shaba usizidi meta 100, na kiulimi cha plastiki kwenye kichwa chake kisiwe kimevunjika. Badilisha waya kwanza, ungoje. Kisha tundu la swichi, ungoje. Tazama pia kwamba seva na swichi zote mbili zimeachwa zipatane zenyewe juu ya mwendo. Upande mmoja ukilazimishwa kupeleka na kupokea kwa pamoja, na wa pili ukaachwa huru, huo wa pili huangukia kupokezana zamu. Mtandao huenda vyema asubuhi na kulemaa kazi zinapolundikana.

Lakini kisa kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni cha anwani moja kupewa vyombo viwili. Mtu huleta printa mpya, akaiandikia kwa mkono nambari ileile ya seva. Kila kompyuta hukumbuka nambari fulani ni ya kadi ipi. Printa ikiamka, baadhi yao humwelekea mgeni huyo, na barua za seva zikapotea. Printa ikizimwa, mambo hurejea, na watu husema mtandao una mashetani.

Kupima ni rahisi. Seva ikiwa nzima, andika arp -a kwenye kompyuta iliyo katika mtandao huohuo, unakili nambari ya kadi iliyo mkabala na anwani ya seva. Rudia wakati wa mkatiko. Nambari ya kadi ikiwa imebadilika, wako wawili. Au baada ya saa za kazi, vyombo vingine vikiwa vimewashwa, chomoa waya wa seva, ungoje dakika chache, kisha uiulize anwani yake kwa ping. Akijibu yeyote, mwizi amejitaja.

Mpe printa anwani nyingine. Anwani zote ziandikwe katika daftari moja mikononi mwa karani mmoja, na nambari ya seva isiwemo katika fungu ambalo ruta hugawa yenyewe.