Kibao cha tatu kisifanane na viwili vya kwanza

Baiskeli tatu zikifungwa kwenye keria nyuma ya gari, namba za gari hazionekani tena. Sheria ya Uingereza haina huruma na jambo hilo. Kwa sheria ya mwaka 1994 ni kosa kuendesha gari ambalo namba yake imezibwa au haisomeki vizuri, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Sheria haiulizi kilichoziba ni tope, theluji au baiskeli ya mtoto. Kwa hiyo mwenye keria inayoficha namba hulazimika kufunga kibao cha tatu kwenye keria yenyewe, kiwe na taa ya kukimulika usiku, herufi zake ziwe na kimo cha milimita 79, maandishi meusi kwenye njano inayong'aa, sawasawa na kibao kilichofichwa. Kadibodi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito haikubaliki, hata mwandiko uwe mzuri vipi. Yote hayo nakubaliana nayo isipokuwa moja: kwamba kibao hicho kifanane kabisa na kile cha asili. Hapo naona sheria inabomoa kwa mkono mmoja kile inachojenga kwa mwingine.

Nianze na wanaodai kwamba sharti lenyewe halina maana. Hoja yao ni kuwa serikali inayowahimiza watu waendeshe baiskeli haipaswi kuwatoza wanaozisafirisha kwenda msituni au ufukweni. Hoja hii ingekuwa na uzito zama zile namba ya gari ilipokuwa ikisomwa na polisi aliyesimama njiapanda na daftari lake. Leo namba inasomwa na kamera, na kamera ndiyo inayoamua nani anadaiwa. London ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji tarehe 17 Februari 2003 kwa mfumo usio na kizuizi wala kibanda cha tiketi, ila kamera za kusoma namba tu. Ada ya magari machafu, pauni 12.50 kwa siku, inakusanywa hivyo hivyo. Barabarani kwingineko kamera za polisi husoma makumi ya mamilioni ya namba kila siku. Katika mfumo wa namna hiyo, gari lisilosomeka nyuma limejiondoa kwenye sheria zote kwa mpigo, za mwendo, za bima na za ajali ya kugonga na kukimbia, na nia njema ya anayeliendesha haibadilishi kitu. Wapo wanaosema basi baiskeli zipandishwe juu ya paa, tatizo liishe. Mwenye baiskeli ya kawaida ataweza. Lakini baiskeli ya umeme yenye kilo 25 haipandishwi juu ya paa na mtu wa makamo aliye peke yake, na watu kama hao ndio wanaozihitaji keria za kufungwa kwenye ndoano ya tela.

Kibao cha tatu ni lazima, basi. Tatizo linaanzia kwenye thamani yake. Mwaka 2001 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupambana na uhalifu wa magari, na kutokana nayo, tangu 2003, wauza vibao wa England na Wales wanatakiwa kusajiliwa, na mnunuzi aonyeshe kitambulisho na hati inayomfunga yeye na gari lile. Sababu iko wazi. Mtu akipata kibao chenye namba yako na kukifunga kwenye gari la aina na rangi kama ya kwako, atajaza mafuta na kuondoka bila kulipa, atapita kwenye kamera kwa mwendo anaoutaka, na barua za faini zitakuja nyumbani kwako. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Anayenunua gari lililotumika huko hukagua kwanza kwenye mfumo wa polisi kama namba yake ina deni, kwa sababu deni linaandamana na namba, halimfuati dereva aliyekosa. Sasa tazama sheria ile ile inavyowaambia wenye keria: chapisheni kibao kingine, kamili, halali kwa kila kigezo. Kibao hicho mara nyingi hushikiliwa na vibanio vya plastiki, si skrubu, maana keria imetengenezwa ivuliwe. Wakati wa baridi hukaa miezi gerejini au kwenye banda la bustani, na keria ikiuzwa kwa mtu baki, huenda kikasahaulika kikiwa juu yake. Mwizi akikipata, hana haja ya kughushi chochote.

Majirani wameliona hili mapema. Uholanzi, kwa mfano, vibao vya gari ni vya njano, na tangu Februari 2000 hutolewa kwa udhibiti mkali. Fundi awe ameidhinishwa, mwenye gari aje na hati zake, na kibao kinachochukua nafasi ya kilichopotea huwekewa tarakimu ndogo ili kile cha zamani kikionekana mtaani kijulikane kuwa kimekufa. Lakini kibao cha keria ya baiskeli huko ni cheupe. Namba ni ile ile, kamera inaisoma, ila hakuna awezaye kukifunga kwenye bampa la gari na kujifanya ana kibao halisi, kwa kuwa gari lenye kibao cheupe mahali pa njano linajitangaza lenyewe. Ujerumani imefika hapo hapo kwa njia nyingine. Kibao halisi cha Mjerumani kina muhuri wa mamlaka ya usajili na, nyuma, stika ya ukaguzi. Nakala inayofungwa kwenye keria haina hata kimoja. Nchi zote mbili zimetenganisha kazi mbili ambazo Uingereza imezichanganya: kutaja gari ni lipi, na kuthibitisha kwamba limesajiliwa.

Uingereza haiwezi kuiga bila kufikiri. Vibao vyake havina mihuri ya kuondoa, na rangi nyeupe tayari ni ya kibao cha mbele, hivyo nakala nyeupe ikiibwa itamfaa mwizi kwa upande huo. Utepe wa kijani nao umeshachukuliwa na magari yasiyotoa moshi tangu Desemba 2020. Lakini utepe huo wa kijani ndio unaonipa matumaini, kwa sababu umeonyesha kwamba kanuni za vibao za mwaka 2001 zinaweza kuongezewa alama bila kamera kupofuka. Alama pembeni yenye rangi nyingine, au picha ndogo ya baiskeli iliyochapwa ndani ya plastiki yenyewe, ingetosha. Polisi wa doria angejua kwa jicho moja kwamba kibao kile hakina haki ya kuwa kwenye gari lisilo na keria.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la wale wanaosema wahalifu hawahangaiki na vibao vya keria, kwa kuwa kwenye mtandao wapo wanaouza kibao chochote kwa jina la kibao cha maonyesho, na kujisajili kuwa muuzaji halali kunagharimu pauni 40 tu. Ni kweli, na mlango huo unahitaji kufungwa kwa nguvu kuliko huu ninaouzungumzia. Lakini hoja hiyo inashambulia udhaifu wa usimamizi, haiutetei mpango wa sasa. Siku usimamizi wa wauzaji utakapokazwa, vibao halali vilivyotapakaa kwenye magereji vitapanda thamani kwa mwizi, na hapo itakuwa tumechelewa kuvipunguza. Wengine wanahofu kwamba polisi wa Ufaransa au Uhispania hawatakitambua kibao chenye alama ngeni. Waholanzi na Wajerumani wanavuka mipaka na vibao vyao visivyo vya kawaida, na namba yao bado inasomeka mbele na nyuma, jambo ambalo askari wa ugenini ndilo analolihitaji kwanza.

Gharama nayo isikuzwe. Anayenunua keria ya mamia ya pauni ananunua kibao pamoja nayo leo, na atakinunua kesho. Walio na vibao vya zamani wasisumbuliwe. Sharti lianze na vibao vitakavyochapwa baada ya tarehe itakayotangazwa, muuzaji amuulize mnunuzi kinakwenda kwenye bampa au kwenye keria, na jibu liamue kinachapwa vipi.