Visiki vyetu viko hai, tuvikinge na moto

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa mikoa mingine huenda tarehe hiyo inafaa. Huku kwetu Naipanga, Nachingwea, mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na siku hizi zinachelewa kuanza. Mche unaopandwa Aprili unapata wiki chache za maji, kisha unakabidhiwa jua hadi mwisho wa mwaka. Inaniuma kuona nguvu za watu zikipotea hivyo, wakati msitu upo tayari chini ya miguu yetu.

Ni kweli tumefyeka sana. Ufuta unalipa, udongo unachoka, tunahamia pori jingine. Lakini tunakata kwa shoka na panga. Waingereza walioleta mradi wa karanga, uliokufa mwaka 1951, walikuja na mashine za kung'oa miti na mizizi yake. Sisi mizizi tumeiacha. Ingia shamba lolote lililolala: mtondoro na myombo inachipua visikini, mpingo unachipua kutoka mizizini. Mizizi hiyo imezama mbali, haingojei mvua ya Aprili.

Kinachoua machipukizi ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zimekauka kabisa, mtu anasafisha shamba au anawinda ndezi. Moto huohuo hukuta mikorosho ikiwa na maua na korosho changa. Ndiyo maana kila mkulima wa korosho hufyeka na kufagia chini ya mikorosho yake. Kazi hiyo tunaijua vizuri mno. Tunaikomesha mpakani mwa shamba tu.

Shinyanga, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986, wafugaji walirudia desturi yao ya ngitili, wakalifunga pori lijiotee. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kujiwekea sheria ndogo. Basi halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zichukue sehemu ya fedha za miche, ziwalipe vijana wa vijijini wafyeke barabara za kuzuia moto kila Juni, na wachome mapema palipo na nyasi nyingi, zikiwa bado na ubichi. Baada ya hapo, anayetaka kuchoma shamba lake amwarifu kwanza mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wawepo na matawi mabichi mkononi.