Mcheza Kwao Hutuzwa. Je, Achezaye kwa Jirani?



Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na sina nia ya kubeza hekima yake. Ninachopinga ni ukuta uliojengwa juu yake. Wapo wanaoitumia kutuambia kwamba Mganda acheze bakisimba, Mnyankole acheze ekitaguriro, Mwacholi acheze larakaraka, na kila mmoja awapigie wenzake makofi akiwa ameketi kitini pake. Mimi nadai kwamba kila mtaa wenye watu wa makabila mchanganyiko unastahili kuwa na warsha ya ngoma kwa wanaoanza, ambamo watu wazima watajifunza kucheza ngoma za majirani zao. Nadai pia kwamba jambo hilo ni la uraia kabla ya kuwa la starehe.

Nianze na sheria mama. Ibara ya 37 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kuwa sehemu ya utamaduni wowote, kuufurahia, kuutenda na kuuendeleza pamoja na wengine. Litazame vizuri neno hilo "wowote". Katiba haikusema utamaduni wa baba yako, wala wa kijiji ulikozaliwa. Katiba hiyo hiyo inaorodhesha jamii asilia 65. Basi jiulize, msomaji wangu: kati ya jamii hizo 65, ni ngapi ambazo unaweza kutaja ngoma yake moja, ukaeleza huchezwa lini na kwa sababu gani? Na kama huwezi kutaja hata tano, ni umoja wa namna gani tunaouimba kila sikukuu ya uhuru?

Utanijibu kwamba ngoma zetu zipo tele: katika mashindano ya shule, katika harusi, katika hoteli za watalii. Ni kweli zipo, lakini zipo za kutazamwa. Shuleni huchaguliwa watoto wachache wenye miili myepesi, wakafundishwa kwa ajili ya kombe, na kombe likishapatikana, ngoma hufungiwa stoo pamoja na maleba yake. Wanafunzi waliobaki hukaa pembeni. Mtu akimaliza shule, ndiyo basi. Hadi uzeeni atakuwa mtazamaji tu.

Kutazama hakutoshi, na historia yetu inashuhudia. Mwaka 2005, watoto wa shule ya msingi ya Patongo, waliokuwa wakiishi katika kambi ya waliofurushwa na vita vya kaskazini, walisafiri hadi Kampala kushiriki mashindano ya kitaifa ya muziki. Walicheza bwola, ngoma ya heshima ya Waacholi, wakarudi na ushindi wa ngoma ya asili. Kisa chao kilisimuliwa katika filamu ya War Dance. Ukumbi uliwashangilia. Wakati huo huo, zaidi ya watu milioni moja wa kaskazini walikuwa bado makambini, na huku kusini wengi wetu tulikuwa tukiviita vita hivyo "mambo ya kwao". Makofi ni rahisi sana: hupigwa kwa dakika moja, kisha kila mtu hurudi na dharau yake nyumbani kama alivyokuja nayo.

Kujifunza ngoma kuna gharama nyingine. Ingia katika darasa la ekitaguriro: utainua mikono juu kuigiza pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, na baada ya muda mfupi mabega yatakuuma, ndipo utakapoelewa kwamba jirani yako anawapenda ng'ombe kwa mwili wake wote. Jaribu larakaraka, ngoma ya vijana wanaotafuta wachumba: utapewa kibuyu kilichopasuliwa nusu na spoki za baiskeli za kukigongea, na utagundua kwamba mkono na mguu wako havisikilizani. Jaribu bakisimba, ambapo kiuno huzunguka huku kifua kikiwa kimetulia. Mwanasheria, mchuuzi na mwendesha bodaboda wote watakosea sawasawa. Aliyezoea kuamrisha ataomba kufundishwa, na aliyezoea kudharauliwa kwa lafudhi yake ndiye atakayekuwa mwalimu. Nitajie semina moja ya umoja wa kitaifa iliyowahi kufanya hivyo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza husema: ngoma ni damu, huzaliwa nayo. Si kweli. Mtoto wa Kiganda hazaliwi akijua bakisimba. Hufundishwa, hukosea, hurekebishwa. Katika kundi la Ndere, lililoanzishwa mwaka 1984, wachezaji wale wale hucheza ngoma za pande zote za Uganda katika onyesho moja. Na sisi tunaofundisha Kiswahili tunaijua hoja hiyo ya damu. Tuliambiwa kwamba ni lugha ya watu wa pwani, tena kwetu ikaitwa lugha ya askari. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha hujifunzwa, ngoma nayo vivyo hivyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mgeni akicheza ngoma ya wenyewe huifanyia kejeli, au huiiba. Siliondoi kwa mkono mmoja. Nimeona maonyesho yanayochanganya ngoma tano kwa dakika tano, bila jina wala maana, ilimradi mgeni wa heshima acheke. Hiyo ni dharau iliyovishwa maleba. Lakini dawa yake si kufunga mlango. Tazama Burundi: ngoma yake ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, mwaka 2017 ikatolewa amri ya rais iliyowakataza wanawake kuipiga. Ulinzi uliishia kuwazuia wenye nyumba.

Dawa ni kufundisha kwa adabu, na adabu hiyo ina masharti. Kwanza, mwalimu atoke katika jamii yenye ngoma, naye alipwe kama mwalimu yeyote. Pili, jina na maana vitangulie hatua: mwanafunzi ajue kama anacheza ngoma ya posa, ya mavuno au ya enzi. Tatu, yapo yasiyofundishwa ukumbini. Kijana wa Kimasaba anayecheza kabla ya kutahiriwa katika imbalu, kila mwaka wa shufwa, anaitangazia jamii yake nia ya kuwa mwanamume. Ngoma hiyo tuiache mahali pake, na kujua mpaka huo nako ni sehemu ya somo.

Neno lenyewe linatusuta. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni mkusanyiko wa wanaoucheza. Katika Kinyarwanda na Kirundi, ingoma ni chombo hicho na pia ni utawala. Katika maana zote hizo hakuna hata moja isemayo "kitu cha kutazamwa kwa mbali".

Kwa hiyo, msomaji, usisubiri wizara. Ukumbi wa kanisa, uwanja wa shule siku ya Jumamosi, au kivuli cha mwembe vinatosha. Katika mtaa wako yupo mama wa Kikiga anayejua kuruka kizino, na yupo mzee wa Kitooro anayejua kufunga njuga za runyege miguuni. Mpelekee ombi lenye heshima, mchangishane ujira wake, kisha mkakosee pamoja mbele yake. Mcheza kwao hutuzwa, sawa. Lakini taifa halitakuwa kwetu sote hadi hapo "kwao" ya jirani itakapokuwa mahali ambapo wewe nawe umewahi kutokwa jasho.