Kodi Haijui Una Watoto Wangapi

Ndugu msomaji, itazame karatasi yako ya mshahara. Julai 2020 mshahara usiokatwa kodi ulipandishwa kutoka sh. 170,000 hadi 270,000. Hapo tunawapa haki yao. Lakini Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa serikali kikatoka 370,000 hadi 500,000, na ile 270,000 ikabaki palepale. Sehemu ya nyongeza ikarudi kwa aliyeitoa!

Baya zaidi, kwenye 500,000 zinazotozwa kodi, kapera asiye hata na paka anakatwa 18,400. Kabwela mwenye watoto watano? 18,400 hizo hizo. Marekani mzazi hupunguziwa kodi kwa kila mtoto. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize wako wanahesabiwa wapi.