Misitu ya dunia tunaisifu, msitu wa Ituri tunamwachia nani?

Muulize mtoto wa shule wa Bunia, Beni ao Butembo okapi anafanana namna gani. Atakuonyesha noti ya franka 1000. Muulize kama amekwisha kumuona kwa macho yake, atacheka. Mzazi wake pia atacheka. Na bado, mnyama huyo anaishi porini katika inchi moja tu duniani: inchi yetu.

Watu wengi wanatumiana kwenye simu picha za misitu ya kutembelea: miti mirefu ya California, pori la Amazoni, miti ya zamani sana ya kisiwa cha Yakushima huko Japani. Ni mizuri, hakuna ubishi. Lakini msitu wa Ituri hauko nyuma. Hifadhi ya okapi, iliyoundwa mwaka wa 1992, ina kilometa za mraba karibu 13,700, ni kusema zaidi ya nusu ya Rwanda. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata, ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya vita.

Wengine watasema: utalii wa nini, wakati watu wanauawa? Wana haki ya kuuliza. Mwezi wa sita 2012, watu wenye silaha walishambulia Epulu, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakaua pia okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Mimi siwezi kumwambia mtu apande gari kesho aende Epulu kama njia haina usalama.

Lakini vita haimalizi msitu milele. Kule Białowieża, kwenye mpaka wa Poland na Belarusi, vita kuu ya kwanza ilimaliza nyati wote wa porini. Wa mwisho aliuawa mwaka wa 1919. Watu wakakusanya wachache waliobaki katika bustani za wanyama, wakawazalisha, na mwaka wa 1952 wakaanza kuwarudisha porini. Leo wageni wanatoka mbali kuwaangalia. Ilichukua miaka zaidi ya 30, lakini kazi ilifanyika.

Kwetu kazi hiyo ina majina. Kwanza, usalama kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kwa faida ya wakaaji kabla ya mtalii yeyote. Pili, uchimbaji wa dhahabu utoke ndani ya hifadhi. Serikali haiwezi kulinda msitu kwa mkono mmoja na kufumba macho mbele ya mashine za wachimbaji. Tatu, Wambuti na Waefe, wanaoujua msitu huu kuliko sisi wote, wawe wa kwanza kupata kazi na faida. Tusirudilie kosa la Kahuzi-Biega, ambako Batwa walifukuzwa katika miaka ya 1970. Ugomvi wa wakati ule haujaisha mpaka leo.

Angalieni jirani. Msitu wa Bwindi, huko Uganda, haufiki hata kilometa za mraba 350. Mgeni analipa mamia ya dola ili kukaa saa moja mbele ya sokwe wa milimani. Wageni wanafika kwa sababu wana hakika ya kurudi kwao wazima.

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji mwenyewe hajapona, na hajafika hata kwenye msitu wake. Basi tuanze naye. Siku shule ya Bunia itakapoweza kupeleka watoto Epulu asubuhi bila mzazi kuogopa, hapo tutakuwa na haki ya kuita dunia nzima.